Gari Lililoshitakiwa Bombo

Mtu akileta gari kwangu kwa sababu ya sauti, siligusi mpaka anitolee sauti hiyo kwa mdomo wake. Mtindo huo niliuanza Same enzi za Mwingereza, nikiwa fundi kijana katika gereji ya mabati karibu na stesheni ya reli, na sijauacha hadi leo. Wateja wengine huona haya. Husema, "Fundi, liwashe tu usikie mwenyewe." Nakataa. Gari likifika gereji hujifanya zima kabisa, kama mtoto aliyekuwa akilia tumbo nyumbani halafu akaiona sindano. Mwenye gari ndiye aliyelala na ile sauti kichwani, basi aitoe.

Nimesikia mengi. Padri wa misheni alifumba macho, akatoa mlio mdogo wa huzuni, nikajua ni mkanda wa feni kabla hajayafumbua. Askari polisi alisimama wima akanitolea sauti ya ekzosi kwa namna ya kunikamata. Dereva wa lori la katani alianza na injini, akaingia kwenye gia, akapanda mlima, akamalizia na honi ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Mwalimu mmoja ndiye aliyenishinda. Kila nilipomwomba sauti, alinipa maana yake, na mwishowe nilimwambia alipeleke gari lake shuleni.

Bwana Shamba alikuwa bora kuliko wote. Hivyo ndivyo tulivyomwita Mwingereza kijana aliyeletwa kusimamia kilimo cha wilaya yetu. Serikali ilimpa gari refu la kukanyagia mawe, lakini yeye akaleta na lake, likashushwa kwenye behewa la treni kutoka Tanga siku ya mnada, kwa hiyo Same nzima ililiona. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, viti viwili, paa la turubai, na tumbo lililokaribia kulamba barabara. Likisimama karibu na ng'ombe, ng'ombe ndiye aliyekuwa mrefu. Mzee mmoja aliyeleta mbuzi mnadani kutoka Kisiwani alilizunguka kwa makini, kisha akaniuliza kama litakua. Nikamwambia hapana, limekwisha kukua. Akamtazama Bwana Shamba kwa huruma, akasema, "Basi kijana wa watu amepunjwa."

Nilicheka pamoja na wengine, lakini moyoni nililipenda gari lile tangu siku ile lilipowashwa. Lilikuwa na mngurumo mzito, safi, usio na mkwaruzo hata kidogo. Nilimwonea Bwana Shamba wivu waziwazi, na nadhani alijua, maana kila akipita mbele ya gereji alikanyaga mafuta bila sababu.

Sasa barabara za Upare hazikuchongwa kwa ajili ya gari la namna ile. Bwana Shamba akalipandisha Bombo, huko juu Upare ya Kusini, kwenda kukagua matuta ya kuzuia mvua isisombe udongo. Asubuhi baada ya kurudi alikuja gereji, na kabla sijafungua mdomo alikwisha kuanza.

"Tok! Tok! Tok! Fundi, gari yangu nasema tok tok tok, mingi sana!"

Alinitolea sauti ya gari likiwa limesimama, ya likitembea, na ya likipanda mlima. Alipofika kwenye ya mlima nikaacha kutabasamu, maana niliijua.

Nikaliwasha gari, nikachukua bisibisi ndefu. Ukiweka ncha yake kwenye chuma na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, injini hukunong'oneza kila kitu. Nikaanza juu kwenye valvu. Huko zilikuwa zinaimba kama cherehani, hakuna neno. Nikashuka ubavuni, kwema. Nikashuka chini kabisa, karibu na sampu, lile bakuli la oili, na hapo nikaipata: ngo, ngo, ngo. Jiwe la njiani lilikuwa limeipasua sampu, oili ikavuja, na beringi ya konrodi, ule mkono unaoishika pistoni kutoka chini, ikalika kwa ukavu. Chuma kilikuwa kinakutana na chuma.

Injini ilikuwa bado inaunguruma, kwa hiyo nilipaza sauti ili anisikie.

"Gari hii inagonga, Bwana! Inagonga vibaya! Imeanza kugonga hukohuko Bombo, na ukiendelea nayo itaua!"

Nilimaanisha itaua injini. Kwetu mafundi gari likigonga tunauliza ni beringi au ni pistoni. Kwa mtu mwingine yeyote gari likigonga swali ni limemgonga nani. Na mlangoni, nyuma yangu, alikuwa amesimama mtu mwingine yeyote.

Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri kutoka Bombo, askari wa zamani aliyerudi salama kutoka vita vya Burma akiwa na mkanda mpana wa ngozi na sauti ya kuamuru. Alikuwa pia baba wa msichana niliyetaka kumwoa. Nilikwisha kumtuma mshenga kwake, naye alijibu kwamba atafikiri, na alikuwa akifikiri tangu wakati wa kupanda mahindi. Yule msichana nilimpenda mpaka nikawa nafunga nati, naifungua kuona kama niliifunga, kisha naifunga tena. Jibu la mzee huyu ndilo nililokuwa nalisubiri kuliko mshahara.

"Shikamoo, baba," nilisema, nikificha mikono yenye grisi.

"Marahaba. Rudia ulilosema."

"Nimesema gari hii inagonga."

"Huko Bombo."

"Ndiyo, baba. Imeanzia huko."

Akawageukia watu waliokuwa wamekaa kivulini wakisubiri treni. "Mmesikia? Fundi mwenyewe amesema. Mimi sikumtia neno mdomoni."

Ndipo nikaelezwa. Mzee alikuwa na jogoo. Hakuwa jogoo wa hivihivi. Aliwika kabla ya majogoo wote wa mtaa, akamwamsha mzee kwa sala, na majirani wakalazimika kuamka na kumsifu Mungu pamoja naye wapende wasipende. Jogoo huyo alionekana hayupo siku ileile gari la Bwana Shamba lilipopita. Mzee alishuka hadi boma la Same kutafuta haki, karani akamwambia baraza la wenyeji haliwezi kumhukumu Mzungu.

"Nikamwambia, nani amesema namshitaki Mzungu?" alisema mzee. "Nashitaki gari. Gari ni Mzungu? Akatafuta kanuni inayokataza gari kushitakiwa. Hakuiona."

Watu wa mikoa mingine husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Ni uongo. Mpare atamkopa ng'ombe, amtunze yule wake kwa ajili ya rufaa.

Bwana Shamba alipoeleweshwa alicheka mpaka akashika bodi ya gari. Kisha akafikiri juu ya matuta yake. Watu wa Bombo walikuwa wakimsikiliza kwa adabu na kulima kama walivyotaka. Akasema atakwenda, na gari litakwenda. Wahenga walisema kataa neno, usikatae wito. Mimi nikasema gari lenye beringi iliyolika halipandi mlima, na nikalisema kwa ukali, maana mtu akitaka kuua injini mbele yangu huwa nachemka. Akaniuliza likienda polepole sana je? Nikasema labda, likienda kwa mwendo wa maiti.

Mzee alikuwa amekwisha kupanda lori la kurudi. Alinyoosha kidole kutoka juu ya magunia. "Wewe ndiwe shahidi wangu," alisema. "Nilikuwa sijui nimjibu nini mshenga wako. Nitajua barazani."

Siku ya kesi tukaondoka, mimi na Bwana Shamba, bega kwa bega ndani ya kigari kile, na oili ya akiba miguuni. Tukapita Kisiwani, tukafika Gonja, tukaanza kupanda. Ngo, ngo, ngo. Kila kona nilimwambia, "Taratibu, Bwana," naye akajibu, "Taratibu sana," na gari likasema ngo. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani alitupita. Hakutucheka. Alitupa pole, akatuambia akifika mbele atawajulisha watu kwamba tunakuja.

Aliwajulisha kweli. Uwanja wa baraza ulikuwa umejaa kama Krismasi. Chifu alikuwa kwenye kiti chake, wazee wa baraza kwenye benchi, na nafasi ya mshitakiwa ilikuwa imezungushiwa mawe kwa ukubwa wa gari. Bwana Shamba akaliingiza humo kwa heshima zote. Rejeta ilikuwa inachemka, ikitoa mvuke, na mtu mmoja akasema, "Tazameni, limeanza kuogopa."

Aliyeniletea maji ya rejeta alikuwa yule msichana mwenyewe, na debe kichwani.

"Shika," alisema kwa sauti ya chini. "Usinitazame, baba anaangalia. Jogoo anayetafutwa yuko tumboni mwako."

Nilimimina maji nusu kwenye rejeta na nusu kwenye viatu vyangu.

"Siku ile ulipokuja na mshenga mkakuta baba amekwenda mkutano wa kanisa, mlikula nini?"

"Kuku," nilisema.

"Mama hakuwa na kuku mwingine wa kumpa mgeni. Alifikiri atatafuta jogoo wa kufanana naye kabla baba hajarudi. Baba akarudi mapema, kesho yake tu, na gari lilikuwa limetoka kupita. Akasema mwenyewe, 'Ni lile gari!'"

"Na mama akasema nini?"

"Akasema, 'Wewe ndiwe ujuaye, baba nanii.'"

Akachukua debe lake akaenda zake. Nikabaki nimeinama kwenye rejeta ile nikijifanya natazama maji. Nikisema gari halikumgonga jogoo, mzee ataaibika mbele ya Bombo nzima, halafu ataanza kumtafuta mla jogoo, na hatatafuta mbali. Mama mkwe wangu ataumbuka kwa kosa la kunikirimu. Nikisema lilimgonga, nitakuwa nimeapa uongo juu ya gari lisilo na hatia, tena gari nilipendalo, na njia ya mwongo ni fupi. Njia zote mbili zilinipeleka Same bila mke. Niliogopa kweli, na nilimkasirikia jogoo yule kwa kuwa mtamu.

Chifu akaniita. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezoea kesi za mipaka ya mifereji na migomba, na nadhani alikuwa anaifurahia siku yake.

"Fundi, unaapa kusema kweli?"

"Naapa, Chifu."

"Gari hili linagonga?"

"Linagonga."

Watu wakaguna. Mzee akainua kidevu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile lilipopanda huku Bombo."

Mzee akageuka kuwatazama majirani, mmoja mmoja, hasa wale ambao hawakupenda kuamshwa na jogoo wake. Mama mkwe wangu mtarajiwa, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake, alikuwa anayatazama mawingu kama mtu aliyeanika mahindi.

"Je," alisema chifu, "lilimgonga jogoo wa mzee?"

Niliipapasa bisibisi yangu kiunoni. Kisha kazi yangu ikaniokoa, au nilidhani imeniokoa.

"Chifu, mimi ni fundi wa sauti. Kwa nini mniulize mimi na gari lenyewe lipo? Lisikilizwe."

Wazo hilo liliwapendeza wote. Bwana Shamba akaliwasha, mimi nikatoa bisibisi, na wazee wa baraza wakajipanga. Wa kwanza akaweka sikio, akasema ni kweli linagonga. Wa pili akasema amesikia mchi na kinu, na anayetwanga ana hasira. Wa tatu alikuwa mzee kuliko wote na masikio yake yalikwisha kustaafu. Alikamata bisibisi kinyume, nikamgeuzia. Akasikiliza muda mrefu, mdomo wazi, na mkono mwingine ameuinua watu wanyamaze. Halafu akaruka nyuma.

"Yumo!" alipiga kelele. "Yumo ndani, mzima! Anadonoa! Anataka kutoka!"

Uwanja ukalipuka. Wengine wakataka jogoo afunguliwe mara moja, maana ni dhambi kumtesa kiumbe. Wengine wakauliza amekuwa akila nini. Bwana Shamba aliniuliza wanasema nini, nikamwambia, akaenda kusimama nyuma ya mti peke yake, mabega yakimtikisika. Chifu akapiga meza. Akaamuru gari lifunguliwe hapohapo mbele ya baraza.

Sijawahi kufungua injini mbele ya umati kama ule. Tuliliinua juu ya magogo, nikalala chini yake, na vichwa vya Bombo nzima vikainama kuzunguka gari kama mbuzi kwenye birika la kunyweshea. Niliomba chombo cha kukingia oili, na mama mkwe wangu ndiye aliyekimbia kuleta sufuria, haraka mno, nikaona mzee anamfuata kwa macho. Nikafungua nati za sampu, nikaitoa, nikafungua konrodi. Mtoto mmoja akauliza kama ameonekana. Nikasema bado.

Nikatoka na ile beringi mkononi, nimejaa oili usoni. Ni kipande cha chuma kilichopinda, chembamba kama kucha, chenye utando laini ndani wa kupokea mzunguko. Huu ulikuwa umelika hadi kwenye chuma kigumu.

"Huyu ndiye anayedonoa," nilisema. "Jogoo hayumo."

Mzee wa Burma hakutetereka. Alisimama akasema kwamba kutokumwona jogoo si ushahidi kwamba hakuwamo. Gari limetoka hapa, limekwenda Same, limerudi. Akaliuliza baraza kama mtu akila makande leo huyakuta tumboni mwake mwezi ujao. Baraza likakubali kwamba hayakuti. Watu walitikisa vichwa kwa heshima, na mimi mwenyewe, niliyejua jogoo yuko wapi, nilikaribia kushawishika.

Chifu akajifuta jasho, akatoa hukumu. Gari limekiri lenyewe kugonga, na fundi ameapa kwamba lilianzia Bombo. Jogoo hajapatikana. Basi mwenye gari atampa mzee jogoo mwingine, na fundi aliondolee gari tabia ya kugonga mbele ya macho ya baraza, wala lisitoke uwanjani mpaka liache. Bwana Shamba nusura amkumbatie. Kumbe alikuwa na majogoo wakubwa wa serikali, wa kuboresha mbegu za kuku vijijini, na hakuna mtu wilaya nzima aliyekubali kuwapokea. Hatimaye amepata mtu mmoja, tena kwa amri ya mahakama.

Mzee akawa ameshinda. Lakini hakunitazama, na kuhusu mshenga hakutamka lolote. Nikarudi chini ya gari na moyo mzito.

Kuliondolea gari tabia ilikuwa kazi nyingine. Beringi mpya ingetoka Nairobi kwa treni. Lakini kuna dawa ya porini ambayo mafundi wa zamani waliijua: ngozi ngumu ya ng'ombe, iliyolowa oili, ikikatwa sawasawa na kuvishwa mahali pa beringi, hulifikisha gari nyumbani ukiliendesha kwa adabu. Nikauliza nani ana ngozi nzuri. Watu wakatazamana miguu, na mingi ilikuwa mitupu. Viatu vyangu vilikuwa vya raba, na vya Bwana Shamba pamoja na mkanda wake vilikuwa vya turubai. Polepole macho yote yakahamia kwenye kiuno cha mzee.

Mkanda ule ulikuwa umekwenda Burma ukarudi. Aliushika kwa mikono miwili, akamtazama chifu, akaliangalia gari, akawaangalia majirani zake.

"Isije ikasemwa," alisema, "kwamba hukumu yangu ilikosa kutekelezwa kwa ajili ya mkanda."

Akauvua. Akafunga suruali kwa kamba ya katani, akakaa kwenye benchi kwa heshima ileile, ila akawa hasimami ovyo. Nikaukata mkanda, nikaulowesha, nikauvisha, nikafunga konrodi kwa mkono mwepesi. Ufa wa sampu nikauziba kwa sabuni ya mche, gasketi nikaichonga kutoka kwenye boksi. Baadaye vifaa vilipofika nilifungua tena nikaweka beringi mpya, nikabadilisha na ringi za pistoni na mipira ya maji iliyokwisha kuchoka, na ile ngozi niliikuta imekuwa nyeusi na laini, bado inashika kazi. Ngozi ya jeshi ni ngozi.

Bwana Shamba akaliwasha. Likatoa moshi, likakohoa, likatulia. Hakuna ngo. Mzee asiyesikia akapewa bisibisi tena, akasikiliza, akatangaza kwa masikitiko kwamba jogoo amefariki.

Baba wa msichana akainuka, ameshika kamba. Akasema mshitaki ana haki ya kuhakikisha, na hawezi kuhakikisha gari likiwa limesimama. Atapanda. Bwana Shamba alikuwa amekwisha kupewa sahani ya makande na hakutaka kuiacha, basi nikaambiwa niendeshe mimi.

Kwetu mtu na mkwewe hawakai pamoja hivihivi. Mnapeana nafasi, mnasalimiana kwa mbali, hamtazamani usoni. Sasa gari lile lilikuwa na viti viwili vilivyobanana. Paja la mzee lilikaa juu ya mkono wangu wa gia. Kila nikitaka gia ya pili ilibidi niseme, "Samahani, baba," naye akainua goti na kutazama pembeni. Tukatoka uwanjani hivyo, tukashangiliwa, tukapotelea kwenye kona ya migomba.

Gari lilikwenda kimya, taratibu. Niliogopa ule ukimya kuliko sauti zote nilizowahi kutolewa.

"Halifanyi kelele," alisema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Basi tunaweza kusemezana. Siku ile niliporudi, niliona manyoya nyuma ya zizi. Yamenyonyolewa kwa maji ya moto. Niambie wewe fundi, ni gari gani linalochemsha maji likanyonyoa kuku?"

Nikakosa gia. Gari likaruka mbele kama mbuzi.

"Kumbe ulijua, baba?"

"Nilijua. Ningefanya nini? Kesi ya mke wangu sijawahi kushinda hata moja tangu nimwoe. Hii ya gari nimeshinda." Akaikaza kamba yake. "Nilitaka kuona kama utamtaja barazani. Hukumtaja."

Nilishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuzama.

"Alikuwa mtamu?"

Nikasema, "Sana, baba."

"Na firigisi? Nani alikula firigisi?"

Hapo nikajua nimekwisha. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Hapewi mgeni, hata awe nani, na mwanamke akiipakua kwenye sahani ya mwanamume mwingine, hajaipakua kwa bahati mbaya. Mimi siku ile nilikuwa na njaa na mapenzi. Niliikuta kwenye sahani yangu, nikaila bila kufikiri. Nilitamani kudanganya, lakini nilikuwa nimechoka, na paja lake lilikuwa juu ya mkono wangu.

"Nilikula mimi, baba."

Mzee alitazama mbele. Tulipita shamba la tangawizi, tukapita kanisa, na bado alikuwa anatazama mbele, na midomo yake ilikuwa inakwenda kama mtu anayesoma hukumu ndefu kimoyomoyo. Kisha akapumua.

"Basi mama yenu alikwisha kukuoza siku ile," alisema. "Na mimi nimekwenda Same, nimelala njiani, nimeita chifu na baraza zima, naendesha kesi iliyokwisha kuamuliwa jikoni."

Aliinua goti ili nipate gia.

"Geuza gari, mwanangu. Twende nikamwambie nimeshindwa."